Mistari Minne ya Daftari la Mto

Kila asubuhi, iwe siku ya shule au ya mapumziko, Kokugonza alitoka nyumbani saa kumi na mbili na robo. Mkononi alibeba bomba la plastiki lenye urefu wa sentimita sitini. Ndani ya mkoba wake mlikuwa na daftari lenye jalada gumu. Mama yake, Wilhelmina, alikuwa muuguzi wa zahanati ya kijiji cha Mwalugembe, na mara nyingi saa hiyo alikuwa bado hajarudi kutoka zamu ya usiku. Kokugonza alifunga mlango, akaweka ufunguo chini ya ndoo iliyopinduliwa, akashika njia ya mto.

Bomba lile lilikuwa angavu kama glasi. Kwenye kitako chake ilichorwa alama nyeusi na nyeupe, na pembeni kulikuwa na kikoki kidogo cha kutolea maji. Kokugonza alilijaza maji ya mto hadi juu, akachungulia kutoka mdomoni mwa bomba. Kama maji yalikuwa na tope, alama haikuonekana. Alifungua kikoki, maji yakapungua polepole, na mara tu alipoiona alama alifunga na kusoma kimo cha maji kilichobaki. Maji machafu yalimpa sentimita chache. Maji angavu yalimpa nyingi.

Alipima mara mbili. Mara ya kwanza ilikuwa Kituo cha Juu, mahali ambapo malisho ya wafugaji yalikoma. Mara ya pili ilikuwa Kituo cha Chini, penye daraja karibu na shule, mita mia nne kabla mto haujaingia Ziwa Viktoria. Kati ya vituo hivyo palikuwa na mwendo wa kilomita mbili, na kwa kawaida hakukutana na mtu. Alisikia hatua zake mwenyewe na maji. Alipofika darajani aliandika tarehe na namba mbili, kisha akaenda shule.

Kazi hiyo ilitokana na mapatano. Kwa miaka mingi tope la mto lilikuwa likijaza ghuba ambamo samaki aina ya sato huzaliana, na wavuvi waliwalaumu wafugaji kwamba ng'ombe wao walikanyaga kingo za mto hadi zikabomoka. Wafugaji walijibu kwamba ng'ombe hawezi kunywa maneno. Mwishoni mwa Januari pande hizo mbili zilikaa pamoja. Wafugaji walikubali kuacha mita sitini kila upande wa mto ziwe ngitili, yaani eneo la nyasi linalofungwa kwa mifugo hadi wakati maalumu, kama Wasukuma walivyofanya tangu zamani katika malisho yao. Wavuvi walikubali kusaidia kujenga birika la kunyweshea ng'ombe mbali na mto, na kuacha kukata miti ya kingoni kwa ajili ya kuni. Mwezi Mei wangesoma daftari. Kama maji yangekuwa yamesafika, mapatano yangeendelea na birika lingejengwa. Kama sivyo, kila mtu angerudi kwa ng'ombe wake na nyavu zake.

Tatizo lilikuwa nani apime. Mwalimu Modesta, aliyefundisha Sayansi, alimpendekeza Ng'washi, mwanafunzi bora wa Darasa la Sita. Bwana Revocatus, mwenyekiti wa wavuvi, alicheka.

"Mjukuu wa mzee Luhaga apime maji ya mzee Luhaga? Mwalimu, fisi hapewi bucha alinde."

"Basi apime mtoto wa mvuvi?" aliuliza mzee Luhaga, aliyekuwa msemaji wa wafugaji. "Huyo ni fisi wa majini."

Wakabishana hadi mtu mmoja aliposema, "Yule mtoto wa nesi, aliyetoka Kagera. Hana ng'ombe wala mtumbwi."

Wote wakakubali mara moja. Kokugonza alichaguliwa kwa sababu hakuwa wa upande wowote.

Hapo kwanza aliona ni heshima. Baada ya wiki moja alielewa maana yake. Watoto wa wavuvi walisita kuongea naye mbele ya watoto wa wafugaji, na watoto wa wafugaji wakasita vilevile, kwa kuogopa kuambiwa wanamshawishi. Wakati wa mapumziko alikaa peke yake kwenye ngazi za darasa. Wavulana walimwita Bomba.

"Mambo vipi, Bomba?"

"Mambo bomba!" wenzao waliitikia, wakacheka.

Ng'washi peke yake alijaribu. Asubuhi moja ya Februari alimngoja Kituo cha Juu akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando.

"Kunywa, umetoka mbali," alisema. "Bibi ndiye aliyeyagandisha."

Kokugonza alikuwa na njaa. Alikitazama kibuyu, akatazama daftari. "Siwezi. Watasema umenihonga."

"Kwa maziwa?"

"Watasema."

Ng'washi alikiziba kibuyu, akarudi njia ya kwao bila kuaga. Hakuja tena.

Katikati ya Aprili, shule zilipofungwa kwa likizo fupi, mama yake alikwenda Butimba, Mwanza mjini, kwa mafunzo ya siku tano. Bibi Justa, jirani yao, alimletea chakula jioni, akauliza kama mlango unafunga vizuri, akaondoka. Jumatatu mvua ilianza kabla ya mapambazuko. Kokugonza aliamka, akasimama mlangoni akiwa amelishika bomba. Njia ilikuwa imegeuka mfereji. Alisubiri nusu saa. Mvua haikupungua, na hakuna mtu aliyepita kumwuliza anakwenda au haendi.

Aliketi mezani akafungua daftari. Mstari wa Jumapili ulisema: Juu 25, Chini 23. Chini yake aliandika: Juu 24, Chini 22.

Namba hizo zilifanana na namba za kweli. Hilo ndilo lililomshangaza. Alizitazama kwa muda, na hakuna kilichotokea. Jumanne mvua iliendelea, akaandika tena. Jumatano na Alhamisi vilevile. Siku hizo nne alizungumza na Bibi Justa pekee, maneno yasiyofika kumi kwa siku. Ijumaa mvua ilikoma, mama akarudi, na Kokugonza akarudi mtoni. Kwa wiki mbili haikunyesha. Maji yakatulia, na namba zikawa za kweli tena.

Mkutano ulifanyika Jumamosi ya kwanza ya Mei katika darasa la Saba. Wavuvi walikaa upande wa madirisha yanayotazama ziwa, wafugaji upande wa mlango. Kokugonza aliketi mbele, kwenye kiti peke yake, kando ya meza ya mwalimu. Mwalimu Modesta alisoma jedwali lote: siku tisini na mbili. Mwezi Februari, wastani wa Kituo cha Chini ulikuwa sentimita tisa. Mwezi Aprili ulikuwa ishirini na moja.

"Namba kubwa maana yake maji angavu zaidi," alikumbusha. "Ngitili inafanya kazi."

Wafugaji walipiga makofi. Bwana Revocatus hakupiga. Alisimama, akavua kofia.

"Mwalimu, mimi sikusoma sana, lakini macho ninayo. Tarehe kumi na nne hadi kumi na saba Aprili, ghuba yetu ilikuwa kama chai ya maziwa. Nyavu zilitoka na tope. Mazalia ya sato yalifunikwa yote. Daftari linasema sentimita ishirini na mbili. Ama ziwa linadanganya, ama daftari."

"Labda ulikuwa unakunywa hiyo chai, ukadhani ni ziwa!" mtu mmoja alisema kutoka upande wa mlango. Watu wakacheka.

"Chekeni," alisema Bwana Revocatus. "Tope halishuki kutoka mawinguni. Ng'ombe wenu waliingia mtoni usiku, na huyu binti akapewa maziwa, akaandika mnayoyataka."

Kelele zikapanda. Mzee Luhaga aliinuka taratibu kwa kuegemea fimbo yake, akangoja hadi darasa likanyamaza.

"Mwenyekiti, mimi nitukane, nimezoea. Mtoto mwache. Mjukuu wangu alimpelekea maziwa, akayakataa. Mtu anayekataa maziwa ya mgando asubuhi yenye baridi hanunuliki. Kama daftari lake linasema maji yalikuwa angavu, basi mimi ninasimama juu ya daftari hilo."

Kokugonza alimwona Ng'washi dirishani, nje, pamoja na watoto wengine. Alijua kwamba akinyamaza, mzee huyo ataondoka akimwamini, na wavuvi wataondoka wakiwa na hakika kwamba wafugaji ni waongo. Birika halitajengwa. Ng'ombe watarudi mtoni kabla ya Juni.

Akasimama. "Babu, usisimame juu yake."

"Unasemaje, mjukuu wangu?"

"Mistari minne si ya kweli. Ile ya tarehe kumi na nne hadi kumi na saba. Mvua ilikuwa kubwa, sikwenda mtoni. Niliandika kutoka kichwani."

Mzee Luhaga alikaa chini, akaitazama fimbo yake.

"Mnaona?" alisema Bwana Revocatus, lakini sauti yake haikuwa ya ushindi. "Sasa hata hizo nyingine tutaziaminije?"

"Swali hilo ni la haki," alisema Mwalimu Modesta. Alimgeukia Kokugonza. "Ni siku nne tu?"

"Nne tu, mwalimu."

"Zilizobaki ni themanini na nane. Hatuwezi kuzithibitisha kwa kuapa. Tunaweza kuthibitisha kwa kupima. Masika hayajaisha. Mvua kubwa ikinyesha tena, asubuhi yake Mwenyekiti na mzee Luhaga watakwenda na huyu binti, wachungulie wenyewe ndani ya bomba. Mkutano umeahirishwa hadi siku hiyo."

Watu walitoka. Kokugonza alibaki akikusanya karatasi za jedwali. Mwalimu Modesta alifunga madirisha moja moja, kisha akaweka daftari mezani na kalamu juu yake.

"Usifute," alisema. "Piga mstari mmoja juu ya kila namba ya uongo, isomeke bado. Pembeni andika ukweli."

Kokugonza alipiga mistari minne. Pembeni aliandika mara nne: *Sikupima.*

"Mwalimu, mtamchagua mtu mwingine?"

"Sijui. Siyo uamuzi wangu peke yangu," alisema mwalimu.

Mvua ilinyesha siku ya sita baada ya mkutano, usiku kucha. Asubuhi, mzee Luhaga na Bwana Revocatus walikutana na Kokugonza Kituo cha Juu, wote wakiwa wamevaa mabuti ya mpira. Ng'washi alikuwa amekuja na babu yake. Alimsalimia Bwana Revocatus, "Shikamoo," akaitikiwa, "Marahaba." Kwa Kokugonza alitikisa kichwa tu.

Kokugonza alijaza bomba, akampa Bwana Revocatus achungulie kwanza.

"Sioni kitu."

"Fungua kikoki polepole, Mwenyekiti. Ukiiona alama, funga."

Alifungua, akafunga, akasoma kimo cha maji mwenyewe. "Ishirini na moja." Akamwaga, akachota mengine, akapima tena. "Ishirini na moja." Alitazama nyasi za ngitili, ndefu hadi magotini, na maji ya mvua yakipita kati yake bila rangi. "Na mvua yote hii."

"Nilikwambia ng'ombe hawaingii," alisema mzee Luhaga.

"Uliniambia. Nilikuwa sijachungulia."

Wakashuka hadi darajani. Huko Bwana Revocatus alipima mara tatu, kwa sababu hakuamini mara mbili za kwanza. Sentimita tano. Maji ya mto yalikuwa mekundu, mazito.

"Juu ishirini na moja, chini tano," alisema Kokugonza. "Tope halitoki malishoni. Linaingia kati ya hapa na kule."

Walirudi juu wakifuata ukingo wenyewe badala ya njia. Baada ya kona ya pili, nyuma ya matete, walikuta mashimo. Ukingo ulikuwa umechimbwa mchanga kwa urefu wa hatua arobaini, na kipande kikubwa cha udongo kilikuwa kimeanguka mtoni pamoja na mti mmoja. Alama za matairi ya trekta zilielekea ziwani.

Mzee Luhaga alichokonoa udongo kwa fimbo. "Huu mchanga unakwenda wapi?"

Bwana Revocatus alizifuata kwa macho alama za matairi. Mwaloni, mahali wavuvi wanaposhusha samaki, kulikuwa na ujenzi wa banda jipya la kupokelea samaki. Matofali yalifyatuliwa hapo hapo.

"Kwangu," alisema. "Niliuagiza mimi. Niliwaambia vijana walete mchanga, sikuuliza watautoa wapi. Walianza wikendi ile ya katikati ya Aprili."

Mzee Luhaga akasema, "Sasa sisi tukakushtaki kwa nani, Mwenyekiti? Maana mwenyekiti ni wewe."

Bwana Revocatus alitaka kukasirika, akashindwa, akacheka kwa pua. "Nishtaki kwa sato. Hao ndio niliowazika."

Uchimbaji ulisimamishwa siku hiyo. Mkutano wa pili ulikuwa mfupi. Mapatano yaliongezwa upande wa tatu, wachimba mchanga, ambao serikali ya kijiji iliwaonyesha eneo mbali na mto. Wavuvi walikubali kupanda matete na miti penye mashimo, na ujenzi wa birika ukapangwa kuanza Julai. Lakini mazalia ya samaki ya msimu huo yalikuwa yamekwisha kuharibika, na ukweli uliosemwa Mei haukuyarudisha. Laiti mto ungepimwa tarehe kumi na nne Aprili, tofauti ya juu na chini ingeonekana siku hiyohiyo, wakati shimo lilipokuwa dogo.

Kuhusu upimaji, mzee Luhaga alisimama. "Tulitafuta mtu asiye na upande, tukampata, tukamwacha peke yake. Kosa lake ni lake. Hilo la kumwacha ni letu. Mimi nasema wapime wawili. Ng'washi awe juu, huyu awe chini."

"Na fisi?" mtu aliuliza kutoka upande wa madirisha.

"Fisi wawili huchungana," alisema Bwana Revocatus. Pendekezo likapita.

Baada ya mkutano, Mwalimu Modesta alimwita Kokugonza mezani. Alifungua daftari kwenye ukurasa wa Aprili.

"Nataka uelewe ulichokosea, maana nadhani unaelewa nusu tu," alisema. "Unadhani kosa ni kutokwenda mtoni. Mtoto wa miaka kumi na mitatu, peke yake, katika mvua ile, hakupaswa kwenda. Ungeacha mstari wazi, au ungeandika hukupima, hakuna ambaye angekulaumu."

"Niliogopa daftari litaonekana lina tundu."

"Tundu ni taarifa. Ninapokagua daftari baada ya likizo na kukuta siku nne tupu, nauliza: huyu mtoto yuko wapi? Anaumwa? Yuko na nani? Ningekuja kwenu. Lakini nilikuta namba nzuri nne, nikageuza ukurasa." Aliweka kidole juu ya mistari iliyokatwa. "Uongo wako haukuficha tope tu, Kokugonza. Ulikuficha wewe. Anayeandika ukweli, hata ukweli kwamba hakuweza, huwapa wengine nafasi ya kumsaidia."

Kuanzia Juni walipima kwa wakati mmoja, saa moja kamili asubuhi. Kila mmoja alikuwa na bomba lake na daftari lake. Hawakuonana, kwa sababu kilomita mbili za mto zilikuwa kati yao. Kokugonza alisimama darajani peke yake kama zamani. Tofauti ilikuwa kwamba alipofungua kikoki alijua kwamba huko juu kuna mkono mwingine unafungua kikoki dakika hiyohiyo. Shuleni walinakili namba za wote wawili kwenye jedwali, wakizungumza kuhusu maji tu.

Jumanne moja ya Julai kiti cha Ng'washi kilikuwa kitupu. Mdogo wake ndiye aliyeleta daftari. Kokugonza alilifungua ili anakili namba ya siku hiyo. Palikuwa na tarehe, na mbele yake maneno mawili kwa mwandiko uliopinda: *Sikupima. Homa.*

Aliuandika mstari huo kwenye jedwali kama ulivyokuwa. Alasiri, baada ya masomo, alipitia zahanati kumwambia mama yake, kisha akapanda njia ya mto hadi nyumbani kwa mzee Luhaga. Ng'washi alikuwa amelala kwenye mkeka uani, amejifunika kanga mbili.

"Umefuata nini huku, Bomba?" aliuliza kwa sauti kavu.

"Nimesoma daftari lako. Mama anakuja kukupima malaria akimaliza zamu."

Bibi yake Ng'washi alitoka ndani na kibuyu, akamimina maziwa ya mgando katika kikombe cha bati, akamkabidhi mgeni. Kokugonza alikipokea kwa mikono miwili, akanywa mpaka akaona kitako cha kikombe.